Uso Nilioukosa

Mama yangu,

Salamu zikufikie huko uliko. Nimekasirika, nakwambia mapema, maana hukupenda mtu wa kuzungusha maneno.

Unakumbuka daktari alivyosema nimezaliwa na kishimo kwenye mshipa wa jicho, na maji yanapenya hapo yanauinua utando wa nyuma tunaoonea? Nilipokusimulia ulicheka, wewe uliyezoea kuliita jicho ito: "Kumbe shimo li itoni! Nami nikidhani li sikioni, ndipo husikii la mtu." Nikacheka nawe, na huku nikikutazama naona ushungi tu, katikati doa la kijivu. Jicho la kushoto liliondoka na surua utotoni. Nilibakiwa na hili la kulia, na nililolitakia ni kukuona tena uso wako mzima.

Mombasa wakanipasua. Wakatoa ute wa ndani, wakaziba kwa miali ya mwanga, wakajaza gesi ya kuukandamiza utando urudi mahali pake. Nikaambiwa nilale kifudifudi, nile kifudifudi, nisiinue uso mpaka niruhusiwe. Mama, nilichoka! Kila nikipiga simu nyumbani Langoni, Kaka Athumani ananiambia umelala, unaoga, umekwenda arusini. Arusini, kwa miguu ile yako isiyokubeba! Nami nikaamini.

Kumbe moyo wako ulikuwa umesimama, nawe ulishazikwa. Wanawake wa mtaa wote walipita kukutazama usoni kabla sanda haijafungwa, isipokuwa mwanao. Nilipofika nilimtukana kaka mbele ya watu waliokuja kutupa pole. Akainamisha kichwa, akasema ni wewe uliyemuusia, pumzi zikikukatika: "Asiambiwe. Akilia atainuka, na ito litaharibika."

Nani alikupa ruhusa ya kuniamulia, Mama? Ningekuja hivyo hivyo, sioni, nikushike mashavu.

Jicho limepona, alhamdulillahi. Natunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Nyuso za watu naziona zote, hata za wale nisiotaka kuwaona. Wako tu ndio sina, nawe picha ulizikimbia maisha yako yote. Nikikukumbuka mara ya mwisho, nakumbuka ushungi na lile doa.

Kaka tumepatana, usiwe na wasiwasi. Nakuahidi kila Ijumaa nitafungua msahafu nikusomee Yasini kwa jicho hili, mimi mwenyewe, nisimwachie mtu.

Buriani, Mama. Mungu akulaze pema. Nilikupenda kuliko kuona.

Mwanao,
Zena