Mtani Haibi

Gereza la Vatudina, Fiji,
Msimu wa kuvuna viazi vikuu, 1913

Kwa Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu mimi mwanao Eroni. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, na natumaini nawe u mzima. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Mdogo wangu Vilisi ameacha kukohoa? Na yule nguruwe wangu, bado anafumua uzio wa mchungaji, au ameshapata adabu?

Kabla sijaenda mbali, huyo mtu aliyekuletea barua hii mkaribishe ndani. Mpe gimbi na samaki, mpe maji ya kunawa. Najua ameshasema mlangoni maneno ambayo mgeni hayasemi. Mvumilie mpaka barua imalizike kusomwa. Mchungaji namsalimu kwa heshima, maana najua ndiye anayekusomea. Namwomba asome polepole, na asishangae karatasi kunuka sabuni. Ndiyo niliyoipata.

Uliniuliza kama kazi bado ni nzuri, na kama ule mkanda wa askari jela uliowaonyesha wanawake wote wa Nakalabo bado unang'aa. Mama, hapa hakuna kitu kisicho na sheria. Kengele inakuamsha, kengele inakulaza. Kijiko kina upande wake wa kulala na kikombe kina upande wake. Mfungwa hamsemeshi askari mpaka askari aanze, na askari haanzi ila kwa amri. Kucheka ni kosa pande zote mbili. Nilipofika nilidhani sheria hizi ni za wafungwa. Ilinichukua muda kutambua kwamba nami nilikuwa nimefungwa zizi moja nao, ila mimi nilivalishwa viatu.

Kubwa kuliko zote ni sheria ya kusimama. Mkuu wa gereza, Bwana Harrop, akiingia uani kila mtu asimame wima kama mlingoti. Sasa wazee wetu wakimwona wanaketi chini, wanainamisha vichwa na kupiga makofi ya heshima, kama tulivyolelewa kwamba mtu hasimami juu ya kichwa cha mkubwa. Basi kadiri wanavyomheshimu ndivyo anavyowaadhibu. Mzee mmoja wa milimani alikula wali mtupu na maji wiki nzima kwa sababu ya adabu yake njema. Nilimnong'oneza asimame tu, yaishe. Akaniuliza kama mimi nililelewa na mama au na kuku. Nisamehe, nilimjibu kwamba ni mama, lakini nikaona haya kusema zaidi.

Ndipo akaletwa Josateki wa kule Vunisei. Kosa lake ni kutoka kijijini bila kibali cha serikali, alikwenda kumwona shemeji yake aliyekuwa mgonjwa. Wewe unajua Vunisei na sisi tulivyo, lakini mchungaji ni mtu wa pwani nyingine, hivyo nimweleze. Mungu wa wazee wao na mungu wa wazee wetu walikuwa ndugu, na tangu hapo sisi ni watani, tunaitana tau. Mtu wa Vunisei anaweza kumtukana chifu wetu na chifu akacheka. Anaweza kuingia jikoni kwetu akabeba chungu kikiwa bado kinachemka, na mwenye chungu hana ruhusa ya kukasirika. Nasi kwao ni vivyo hivyo. Siku tuliyomzika baba, Mama, ni wao waliokuja wakiburuta mikeka yetu na kupiga kelele kwamba marehemu amekufa na deni la kuoga. Ulikuwa hujala tangu juzi yake, na ulicheka mpaka ukaomba chakula.

Basi siku ya kwanza nilikuwa nawapanga wageni mstari nikiita majina. Josateki akasikia lafudhi yangu. Akanitazama toka viatu hadi kofia, kisha akasema kwa sauti ya kanisani, "Loo, tau, kumbe siku hizi nguruwe wa Nakalabo wanafungwa mikanda." Kwa sheria ilinipasa nimwandikie kosa la kumtukana askari. Nikamwambia afunge domo, mla popo wa Vunisei, kisha nikageukia ukuta nicheke. Mama, sikuwa nimecheka tangu nivae nguo zile.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nikipita karibu naye kwenye kuvunja mawe, ananirushia neno nami namrudishia bila kufungua mdomo sana. Lakini mchezea tope humrukia. Asubuhi moja jua likiwa kali, aliweka nyundo chini, akanijia wazi mbele ya watu, akatia mkono mfukoni mwangu na kutoa tumbaku yangu yote. Akasema, "Lete hapa, mla panya, wewe utakohoa bure tu." Mkono wangu haukusogea kumzuia. Ungesogeaje? Lakini juu barazani alikuwa amesimama Bwana Harrop.

Tukapelekwa mbele yake siku ile ile. Sheria inasema mfungwa akimwibia askari anachapwa viboko akiwa amefungwa kwenye fremu, na anaongezewa kifungo. Na mpigaji angekuwa ni mimi, maana zamu ya kiboko ilikuwa yangu. Nikaulizwa swali moja tu: tumbaku imeibwa au haikuibwa? Nilimtazama Josateki. Hakuwa na utani usoni, alinitazama kama mtu anayejifunza jina langu.

Nikasema haikuibwa, mtani haibi. Mkalimani alikuwa kijana wa mjini. Akakuna kichwa, akamwambia Bwana Harrop kwamba huyu ni rafiki yangu. Bwana akaandika. Nikasema hapana, si rafiki, hata simpendi, ni tau. Mkalimani akatafuta tena, akasema ni ndugu yangu. Bwana akaandika na hilo, na akauliza kwa nini nilificha kwamba nina ndugu gerezani. Nikasema si ndugu wa damu, ila miungu ya wazee wetu ndiyo ndugu. Hapo mkalimani akanionya nisiongeze kitu, maana sasa nilikuwa pia mpagani. Nilikuwa na neno moja la kweli mkononi, na kila lilipovuka meza lilifika upande wa pili likiwa kosa jipya.

Hapa, mchungaji, nakuomba kwa unyenyekevu umpe Vilisi karatasi hii, wewe uende ukautazame uzio wako.

Vilisi, soma taratibu, na umshike Mama mkono.

Mama, sina mkanda. Waliukata mbele ya mstari wote wa wafungwa. Kwa kumpa mfungwa tumbaku na kuficha udugu nimefungwa mwaka mzima. Jirani zangu sasa ni wale niliokuwa nawafungia mlango, na askari niliokula nao sahani moja wananiita kwa namba na kutazama pembeni. Josateki hakuchapwa. Alikula wali na maji, akamaliza kifungo chake. Simlaumu, na ningeulizwa tena ningejibu vile vile. Lakini sitakuficha, Mama, naogopa. Nikilala nausikia ukuta. Nimekwama, na jambo linaloniuma kuliko yote ni lile la kuanua tanga la baba. Mwana wa kwanza ndiye anayemvika mama yake kitambaa kipya, nami sitakuwapo, na sitaki ukae na nguo nyeusi mwaka mwingine kwa ajili yangu. Usitume jino la nyangumi kwa Bwana Harrop kuniombea radhi. Hapa radhi hiyo inaitwa rushwa.

Nililisema hili usiku mmoja gizani. Josateki akajibu kutoka kitanda cha pili kwamba yeye anatoka kabla ya viazi kuisha, na kwamba atakwenda kuiba zamu yangu. Alisema wazee watapiga kelele, lakini nani kwetu anaweza kumkasirikia mtu wa Vunisei?

Ndiye huyo aliyeketi mbele yako, Mama. Barua hii ameitoa langoni ikiwa ndani ya soli ya kandambili yake ya ngozi. Siku ikifika, akuvike kitambaa yeye. Atakutukana. Cheka, nami huku nitajua umecheka.

Msalimie mjomba, wasalimie wote wa nyumba ya juu, na mchungaji mwambie chochote utakachoona kinafaa. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Eroni

Vilisi, mistari hii mnong'oneze Mama sikioni. Nguruwe wangu ni wa Josateki. Lakini msimpe. Mfungieni mlango, mumkatalie kwa makelele, ili amwibe mwenyewe.