Kahawa ya Askari

Mama yako ameshinda uenyekiti wa kijiji! Kwani mimi nilizaa mtu wa kawaida? Marahaba, mjukuu wangu. Sisi huku Chonyonyo tu wazima, na migomba imebeba.

Umeniuliza wapigania uhuru waliamini nini. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Askari wa mkoloni alipokuja kumkamata, baba alimkaribisha kahawa ya kutafuna, zile buni kavu tunazompa mgeni yeyote huku.

Nikalia, "Baba, huyu si adui?"

Akacheka. "Uhuru ukija utakuwa wake pia, mwanangu. Mpe kiti."

Askari alimchukua, ila kamba aliyokuja nayo kumfunga aliiacha mlangoni. Baba alirudi salama.

Sasa aliyeshindwa na mama yako amenuna. Nimemwalika, na kahawa ya kwanza ni yake. Njooni nyote Jumamosi.