Wimbo Ulionikuta Nikilima

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, mama. Huku Samuye hatujambo. Babu yako miguu inamsumbua, ila ng'ombe bado anawafokea mwenyewe. Shangazi yako kajifungua wa kike.

Unauliza nilifanyaje nyimbo ziliponikauka, maana wewe hujatunga kitu tangu masika.

Miaka ile ya sabini, baba yako akiwa mgongoni hajaota meno, mimi ndiye niliyekuwa mwimbishaji wa kikundi chetu cha kulima. Siku moja tuliitwa kushindana kulima na kuimba kwenye shamba la pamba, sisi upande huu, kikundi cha Tinde upande ule. Mtoto alikuwa amenikesheza, na hata pale alikuwa analia mgongoni. Nikasimama mbele ya wenzangu, kichwa kitupu. Wa Tinde wakacheka: "Mayu, mama mzima umemeza ulimi?" Nikamwomba Mama Shija, mkubwa wetu, nafasi yangu ampe mwingine.

"Nani kakwambia uimbe?" akasema. "Lima."

Nikalima kwa hasira. Jembe la jirani likafuata langu, na la jirani yake, mpaka safu nzima ikapiga kwa pamoja na ardhi ikatetema. Hapo maneno yakaja, kama yanapanda kutoka nyayoni. Mtoto akanyamaza. Wa Tinde wakaegemea majembe, wakasikiliza. Mpaka leo sijui yalitoka wapi.

Basi kesho ukishakunywa chai, shika gitaa lako upige, hata kama huna la kuimba. Sikubembelezi, mama, nakutuma.

Bibi yako anayekupenda