Ndege ya Mjomba Imetua Ruanda

Ruanda, Mbozi

Mpwa wangu Restuta, huko Mwanza,

Hatimaye mjomba wako nimerusha ndege ya mabomu! Ni mfano wa zile za vita vya dunia, naiongoza kwa rimoti, lakini mabawa yake yanakizidi kitanda changu, na injini nne zinanguruma hadi mwewe wote wamehamia Zambia bila pasipoti!

Mama yako hakuwa ametoka ndani tangu augue, anangoja ahadi yako ya kuja kwa ndege. Aliposikia watu wakishangilia, "Ndege imetua!" alijifunga kitenge kipya, akajikongoja mwenyewe hadi uwanja wa mpira.

"Kaka, Restuta ameshukia wapi?"

Nikaificha rimoti mgongoni. "Hii ya leo ni ya majaribio, dada."

Sasa anashinda mlangoni, anatazama juu. Njoo, mwanangu, hata kwa basi.

Mjomba wako rubani,
Enoka