Bamba la Pikipiki Yako

Maskati, Mfungo Mosi, Desemba 1969

Baba yangu,

Idi imepita, ya kwanza bila yako. Nimesugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu kama kawaida, lakini bamba la shaba la pikipiki yako sikuligusa. Nna habari yake.

Unakumbuka Unguja, kila Idi nilivyolisugua palepale kwenye tangi? Nilisugua mpaka maandishi ya ilikoundwa yakafutika. Ami Khalfan alipokuuliza barazani uko wapi ushahidi kuwa pikipiki imeundwa Australia, ulisema, "Jua limeyala." Naye: "Australia kuna kondoo tu, bwana! Au kondoo ndio waliokuundia?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Baba, nikijua ni mikono yangu. Hukunitaja hata siku moja.

Tulipohama uliiacha pikipiki, ukang'oa bamba tu, ukalipigilia ndani ya kifuniko cha sanduku. Ulipofariki nililifungua sanduku nigawe nguo zako, msumari ukaachia. Nyuma ya bamba palikuwa na grisi iliyokauka. Nikaiosha kwa mafuta ya taa. Herufi zimo, zimetokeza kwa nyuma! Zimegeuka, nikazisoma kwa kioo: jina la fundi, na chini yake, Ballarat, Australia.

Nikamwandikia mkuu wa posta wa mji huo. Miezi ikapita. Yakaja majibu kutoka kwa binti wa fundi, sasa bibi kizee. Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Injini akiagiza Uingereza, fremu na tangi akiunda mwenyewe uani kwake. Hakudumu na kazi ile. Bibi hajui pikipiki hata moja iliyosalia. Na mabamba, Baba, alikuwa akiyagonga herufi yeye binti, kwa nyundo, akiwa msichana.

Mwenzangu aliyagonga. Mimi nikayafuta.

Nilimsomea Ami Khalfan, naye yuko huku Maskati, barua yote, nikamwambia na habari ya ndimu. Aliichukua barua, akaigeuzageuza. Kisha: "Kumbe injini ya Kiingereza! Basi nusu nlikuwa na haki mie." Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Nimempelekea yule bibi chapa ya maandishi, kwa kuweka karatasi juu ya bamba na kupitisha penseli. Bamba lenyewe linabaki kwangu. Nakuahidi sitalisugua tena. Na liwe jeusi. Atakayeuliza, nitamwambia kweli, si jua.

Mungu akurehemu, Baba. Nami nikumbuke huko uliko, nimesimama kando ya tangi, ndimu mkononi.

Mwanao,
Zuwena