Viboko wa Mtera

Jumapili usiku, Kihesa

Nilishindwa kumwambia ukweli.

Baada ya ibada, Bibi Yustina wa jumuiya yetu alinishika mkono. "Mjukuu wangu, viboko hawajakusumbua?" Kumbe mchungaji alipotangaza kwamba napiga makasia kila siku, na watu wanatoa pesa kwa kila kilomita tununue magodoro ya yatima, bibi alidhani niko bwawani Mtera. Wala hajawahi kusikia kwamba kuna mashine ya kupigia makasia, ndani ya jimu, chini ya feni.

Nikajibu, "Hawajanisumbua, bibi."

Akafurahi. "Nafunga kwa ajili yako kila siku. Hata chai sinywi, mpaka jioni nikijua umeshatoka majini."

Jana niliacha katikati, eti makalio yanauma. Saa tisa mchana nilikuwa nakula chipsi mayai.