Mdhamini Aliyenifukuza Kazi

Karatu, Jumatano. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na baridi imetufanya wote waungwana: hakuna anayetoa mikono kwenye koti ili agombane.

Fomu inataka wadhamini wawili wanaonifahamu vema, wasiwe ndugu. Kazi yenyewe ni kuangalia pampu ya maji kwenye hoteli moja kule ukingoni mwa kreta. Fomu inapanda kesho na lori la mboga. Nikiikosa kazi hii, narudi kulima ngano ya shemeji yangu, naye ataniita "injinia" mpaka nizikwe.

Naungama: mdhamini wa kwanza nilimchagua kwa muhuri wake.

Ni bwana mkubwa wa ofisi fulani. Juzi alinipa karatasi tupu, muhuri umeshapigwa. "Jaza mwenyewe, kijana. Jisifu utakavyo, ila usiniandikie kwamba unajua Kiingereza." Nikaandika mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu. Nilipoisoma nikaona namdhamini mtu nisiyemjua.

Leo nimekwenda Daa kwa Mzee Boay, nyapara wangu wa zamani kwenye shamba la kahawa. Ndiye aliyenifukuza mwaka juzi kwa sababu ya mdomo wangu. Kusema kweli sikwenda kuomba. Nilikwenda kupeleleza atasema nini hoteli wakimuuliza.

Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Umekuja kumalizia yale matusi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe umefundishwa."

Nikamweleza habari ya fomu. Kuandika hajui, akaniamuru niandike anavyosema, nisitie chumvi.

"Andika nilimfukuza, na nilifanya sawa. Andika pampu alikuwa anaigusa kwa kiganja kabla ya kuiwasha, kama anayepima homa ya mtoto. Andika kiangazi kile alikuja kila Jumapili, siku isiyo yake, kuwafungulia maji wake wa vibarua. Alidhani sijui."

Kalamu ikasimama.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Ningekuambia, ungeanza kunifanyia mimi. Andika."

Mimi ninayejisifu kwamba nawaona watu wote! Najua anayetia maji kwenye maziwa, najua anayesali jicho moja wazi. Sikujua kwamba miaka ile yote palikuwa na mtu ananitazama, tena kwa jicho jema, huku akinifokea.

Nilipaka wino kwenye dole gumba lake, akabonyeza. Njiani nilitembea taratibu kama nimebeba yai.

Ile karatasi yenye muhuri nimeichana. Fomu itapanda lori ikiwa na mdhamini mmoja tu, naye anaanza kwa kusema alinifukuza. Huenda wakacheka. Wakinikataa, watakuwa wamenikataa mimi hasa.

Ila kuna jambo halinitoki: ni nani mwingine hapa Karatu ameniona, akanyamaza?